Daktari Hewani: Ushauri wa Tiba Munigi na Goma, kutoka Kipindupindu hadi Mpox

Ushauri wa tiba wa hewani, wa redio na televisheni, ulikutana na kipindupindu Munigi mwaka 1994. Munigi iko kaskazini tu ya jiji la Goma, katika uchifu wa Bukumu, teritware ya Nyiragongo, chini ya volkano yenye jina hilohilo. Ardhi yake ni makoro, mawe meusi ya lava iliyoganda, na tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilipasuka hapohapo kijijini zikamwaga tabaka jingine lililoteremka hadi katikati ya Goma. Shimo la choo huchimbwa kwa mtaimbo, si kwa jembe. Mvua ikinyesha huzama miambani isiache kijito, na anayetaka maji hubeba bidoni. Kwa hiyo ushauri mfupi kuliko wote, ule wa kunawa mikono, kuchemsha maji na kutumia choo, ukitua Munigi hukuta maji hakuna, kuni hakuna na choo hakijachimbwa.

Katikati ya Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache tu. Hesabu zinatofautiana, kati ya watu 500,000 na 800,000. Walikaa kando ya barabara, kisha katika kambi za Munigi, Kibumba, Katale na Mugunga. Kipindupindu kilithibitishwa mnamo tarehe 20 ya mwezi huo, kikafuatiwa na kuhara damu. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Makoro hayo yaliyokataa choo yalikataa na kaburi: maiti zilizofungwa kwa mikeka zililazwa kandokando ya barabara kungoja malori.

Timu ya watafiti kutoka Bangladesh, nchi inayokijua kipindupindu kama mtu anavyomjua jirani yake, ilikwenda Goma na kuchapisha matokeo yake katika jarida la Lancet mwaka 1995. Kwa maoni yao, vituo vya tiba vyenyewe vilishindwa kuzuia vifo vingi. Wagonjwa walirudishiwa maji mwilini polepole mno, dripu zilizotumika hazikuwa za aina ifaayo, maji ya chumvichumvi ya kunywa hayakutiliwa mkazo wa kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali. Bakteria yenyewe ilikuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka, tetrasaiklini ikiwemo. Kilichohitajika zaidi, basi, kilikuwa kitu ambacho hata mama asiyejua kusoma anaweza kukifanya akiambiwa sawasawa: kumnywesha mgonjwa, kidogokidogo, bila kukoma.

Hapo ndipo redio inapoonekana kuwa dawa, na hapohapo ndipo ugumu wake unapojitokeza. Mchanganyiko wa nyumbani unaofundishwa kote ulimwenguni ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Ukisomwa hewani ni sentensi moja. Lakini msikilizaji wa kambini ana kijiko kimoja, nacho ni cha mezani. Lita anaikisia kwa bidoni ya lita ishirini au kwa kikombe. Pengine neno "nusu" limemezwa na kelele za mawimbi, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto ambaye tayari amekauka. Hata pakiti iliyokwisha pimwa kiwandani ina sharti lake, kwamba itiwe katika lita nzima, si katika kikombe. Daktari aliye kando ya kitanda angekitazama kijiko na kumwambia mama akijaze kiasi gani. Angebana ngozi ya tumbo la mtoto na kuona kama inarudi upesi au inabaki imesimama. Angetazama macho yaliyozama. Daktari wa studioni havioni hivyo. Ana sentensi yake tu, na sehemu ya sentensi inayopotea kwanza njiani ni ile inayoanza na "ikiwa".

Wakimbizi wa 1994 walikuwa pia wametoka katika nchi ambayo redio ilikuwa imewaagiza watu kuua. Redio hiyo, RTLM, ilikuwa imetangaza kuanzia Julai 1993, na mitambo yake ilinyamaza tu pale jeshi la serikali ya zamani liliposhindwa. Ni katika masikio hayo ambapo Radio Agatashya, yaani mbayuwayu kwa Kinyarwanda, ilianza kusema mwezi Agosti 1994 kutokea Bukavu. Ilianzishwa na waandishi wa habari kutoka Uswisi, ambao baadaye waliunda Wakfu wa Hirondelle, na kazi yake ilikuwa kuwapa wakimbizi habari zisizo na upande: maji yako wapi, chakula kinagawiwa lini, nani anatafutwa na nduguye, ugonjwa gani unatibiwa wapi. Ilinyamaza mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vilipoifikia Bukavu. Kwa maadili ya ushauri wa tiba, kutangaza mahali pa kupata tiba ni busara kuliko kutangaza tiba yenyewe. Kumwambia mtu kituo kiko wapi ni ushauri usioharibika njiani.

Televisheni wakati huo haikuwa ya wakimbizi. Kamera zilikuwepo, nyingi mno, lakini zilitazama kutoka kwao kwenda Ulaya na Marekani, na aliyekuwa akifa kwenye makoro ya Munigi hakuulizwa kama angependa kuonwa na dunia katika hali ile.

Robo karne baadaye ugonjwa mwingine ulifika. Serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake kikiwa Mangina, karibu na Beni, kaskazini mwa mkoa wa Kivu Kaskazini. Ujumbe uliotangulia ulikuwa ule wa miaka mingi, kwamba Ebola haina dawa. Kitaalamu haukuwa uongo: tangu ugonjwa ulipogunduliwa Yambuku mwaka 1976 hapakuwa na dawa iliyothibitishwa. Maana yake kwa msikilizaji ilikuwa tofauti. Kama haina dawa, wanaompeleka mgonjwa kwenye hema lililozungushiwa uzio wanampeleka kufanya nini? Jibu lililopatikana mitaani lilikuwa kwamba wanampeleka kufa, na aliyefika amechelewa alikufa kweli, akalithibitisha. Kauli iliyokusudiwa kumfanya mtu aogope ugonjwa ilimfanya aogope kituo.

Siasa ziliongeza kuni. Mwishoni mwa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura katika Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, huku karibu nchi nzima ikipiga kura na makanisa na masoko ya miji hiyohiyo yakiwa wazi. Tayari Septemba mwaka huo uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo kwa watu wazima 961 ulikuwa umeonyesha kwamba robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi waliamini kuwa viongozi wa mahali pao wanasimamia maslahi yao. Watu wakasema "Ebola business". Wafanyakazi wa mapambano waliitwa watu wa riposte, kwa Kifaransa, na jina hilo lilitamkwa kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri.

Mtangazaji wa redio ya jamii alikuwa katikati ya hayo yote. Yeye si daktari, bali ndiye sauti ya daktari. Anakaa kijijini, watu wanamjua kwao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba huko Ituri aliyekuwa akiendesha vipindi vya kuhamasisha dhidi ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake, mkewe akajeruhiwa na nyumba ikachomwa. Maadili ya ushauri wa hewani huzungumzwa kana kwamba hatari yote iko kwa msikilizaji. Lwemba ilionyesha kuwa anayesema naye hana kinga, hasa akiwa ndiye wa mwisho katika mnyororo na hana walinzi wala gari.

Goma ilipata mgonjwa wake wa kwanza tarehe 14 Julai 2019, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Wagonjwa waliopatikana jijini walikuwa wanne tu, idadi ndogo mno kwa jiji la watu zaidi ya milioni linalopakana na Gisenyi ya Rwanda kwa mstari wa barabara. Mwaka huo Munigi nayo ilipata kituo cha matibabu ya Ebola, na kwa miezi mingi hakuna aliyeingia ofisini, kanisani au sokoni Goma bila kunawa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso.

Tarehe 12 Agosti 2019 ujumbe wa zamani ulipinduliwa. Utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ulikuwa ukilinganisha dawa nne tangu Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Matokeo ya awali yalionyesha dawa mbili zikizishinda nyingine waziwazi: mAb114, iliyotokana na damu ya Mkongo aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995, na REGN-EB3. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku akiwa kijana mwaka 1976 na wakati huo akiongoza mapambano, alitangaza kwamba Ebola isiitwe tena ugonjwa usiotibika. Kesho yake, Goma, mama na mtoto wake mdogo waliopona walioneshwa mbele ya kamera. Mume wa mama huyo alikuwa amekufa kwa Ebola wiki mbili tu kabla.

Tangazo hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa lilikuwa la kweli, lilikuwa la lazima, na lilikuwa na shimo. Katika matokeo yaliyochapishwa baadaye, waliopewa mojawapo ya dawa hizo mbili walikufa takriban theluthi moja, ilhali wale wa dawa nyingine mbili walikufa karibu nusu. Theluthi si kitu kidogo. Tumaini kubwa lilikuwa kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini: kati yao takriban mmoja tu katika kumi alikufa. Ukweli kamili, basi, ulikuwa kwamba Ebola inatibika ikiwa mgonjwa atawahi. Vichwa vya habari duniani vilibakiza maneno mawili ya kwanza. Ndugu wa mgonjwa aliyesikia hayo mawili, akangoja siku nne nyumbani kwa kuwa dawa ipo, alipewa ushauri mbaya na watu waliosema kweli tupu.

Kuhusu mama na mtoto walioneshwa, hukumu ni ngumu zaidi. Hakuna hotuba ya daktari ambayo ingefanya kazi ya sura ile moja: mtu wa Goma, si mgeni, ametoka ndani ya uzio akitembea. Lakini sura haifutiki. Aliyepona hurudi mtaani ambako wapo wanaoogopa kugusa chombo chake, na mtoto hakuwa na umri wa kukubali wala kukataa. Ridhaa anayotoa mtu dakika anapofunguliwa mlango, mbele ya wakubwa waliomtibu bure, haina uzito sawa na ridhaa ya mtu aliyekaa nyumbani wiki mbili akafikiri.

Wakongo wenye umri walikuwa na sababu ya kusikiliza tangazo la tiba kwa sikio moja. Mwaka 1987 Profesa Lurhuma wa Kinshasa na mwenzake Ahmed Shafik wa Misri walitangaza kwa shangwe dawa ya ukimwi iitwayo MM1, herufi za Mobutu na Mubarak. Haikuponya. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya taasisi ya KEMRI, mbele ya Rais Moi. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Mara zote mbili kamera zilifika kabla ya ushahidi. Muyembe alifuata mpangilio wa kinyume, na hiyo ndiyo tofauti kubwa, ingawa mtazamaji wa televisheni hana njia ya kuiona: profesa mwenye koti jeupe anafanana na profesa mwenye koti jeupe.

Chanjo ilileta mkanganyiko wa aina yake. Iliyotumika tangu mwanzo, ya kampuni ya Merck, ilitolewa mara moja kwa waliokaribiana na wagonjwa na kwa wahudumu. Ilipopendekezwa ya pili, ya Johnson & Johnson, Waziri wa Afya Oly Ilunga aliipinga hadharani, akieleza miongoni mwa mengine kwamba itawachanganya wananchi. Alijiuzulu Julai 2019 baada ya mapambano kuondolewa mikononi mwake. Novemba mwaka huo chanjo hiyo ilianza kutolewa katika mitaa ya Goma, sindano mbili zilizoachana siku 56. Mtangazaji wa redio alitakiwa sasa aeleze kwa nini jirani wa Beni alichomwa mara moja na wa Goma atachomwa mara mbili, na kwa Kiswahili gani. Uchunguzi wa lugha uliofanywa Goma mwaka huohuo na shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba watu walitaka kuelezwa kwa Kiswahili chao cha Goma, wakati sehemu ya ujumbe ilikuja kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umegusa watu 3,470 na kuua 2,287. Kabla haujaisha, televisheni ilikuwa imeshafanya kosa lake kubwa zaidi, tena mbali na Goma. Tarehe 1 Aprili 2020, katika kituo cha LCI cha Ufaransa, daktari Jean-Paul Mira wa hospitali ya Cochin alimuuliza mtafiti Camille Locht kama utafiti wa chanjo ya BCG dhidi ya korona usingefaa kufanywa Afrika, ambako barakoa na tiba hakuna, akalinganisha na tafiti za ukimwi zilizofanywa kwa makahaba. Mwenzake aliafiki. Mira aliomba radhi baada ya siku mbili, na tarehe 6 Aprili Tedros Adhanom Ghebreyesus wa WHO aliyalaani maneno hayo. Bahati mbaya ikaongezeka: tarehe 3 Aprili, Kinshasa, Muyembe alisema mbele ya waandishi kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo ya korona. Hasira zililipuka hadi akarudi kueleza kwamba hakuna kitakachojaribiwa Kongo kabla ya kujaribiwa Marekani na China. Sentensi yake ya kwanza, ikisemwa mwezi mmoja kabla, isingemshtua mtu. Ilitua kwenye skrini ambayo LCI ilikuwa imeshaichafua.

Kanuni zipo, ila za kwanza ni za kale kuliko televisheni ya Kongo. Chama cha Madaktari Duniani kiliandika mwaka 1949 kwamba daktari asijitangaze, na awe na tahadhari kubwa anapotoa habari za ugunduzi mpya. Kongo ilitoa kanuni zake za maadili ya udaktari mwaka 1970, televisheni ya taifa ikiwa na umri wa miaka isiyozidi minne. Baraza la vyombo vya utangazaji, CSAC, lilikuja na Katiba ya 2006. Kanuni hizo zinamshika daktari na zinamshika mwenye kituo, kila mmoja kwa mkono wake. Mganga anayelipia nusu saa ya hewani kusifu mzizi unaotibu kisukari, shinikizo la damu na ugumba kwa chupa moja hupita katikati ya mikono hiyo miwili. Waandishi nao wana desturi yao ya kupokea kitu kidogo kutoka kwa anayeandikwa, wenyewe huiita coupage, na mahali ambapo mshahara hauji ni vigumu kuitofautisha na mshahara. Lakini pasidhaniwe kwamba fedha peke yake ndiyo tatizo, wala umaskini. Utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2014 ulipima ushauri wa vipindi viwili maarufu vya madaktari wa televisheni Marekani, ukakuta ushahidi unaunga mkono asilimia 46 tu ya ushauri wa kimoja, The Dr. Oz Show, na 63 ya kingine. Hao walikuwa madaktari wenye leseni, studio kubwa na wasaidizi wa utafiti.

Munigi ilirudi kwenye skrini mara mbili tena. Mwishoni mwa 2022 waliokimbia vita vya waasi wa M23 walijazana Kanyaruchinya, juu kidogo ya barabara, kipindupindu kikazuka, na Madaktari Wasio na Mipaka wakafungua kituo Munigi. Makoro yaleyale, upungufu uleule wa vyoo. Kisha mwaka 2024 ikaja mpox, kwa aina mpya ya virusi iliyotambuliwa kwanza Kamituga, Kivu Kusini, mwaka uliotangulia. WHO ilipotangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, kituo cha mpox cha Munigi kiligeuka kuwa mahali pa kupigia picha kwa dunia nzima. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Picha zilizosambaa zilionyesha mgongo, mikono na mara nyingi uso mzima wa mtoto aliyejaa vipele, mama akimpaka dawa. Vipele vya mpox huisha kwa wiki mbili hadi nne. Picha haiishi.

Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na uchomaji ukazinduliwa Goma tarehe 5 Oktoba. Runinga ilisema chanjo imefika, nayo ilikuwa imefika. Sharti lilikuwa umri: iliyoletwa, MVA-BN, ilikuwa imeruhusiwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Iliyoweza kutumiwa kwa watoto, LC16 ya Japani, ilikuwa imeahidiwa dozi milioni tatu lakini haikuwa imewasili. Mama aliyekuwa Munigi na mtoto wa miaka mitatu alikuwa amesikia habari ambayo haikumhusu mwanawe, na chanjo iliyomhusu yeye mwenyewe haikuwa ndiyo aliyoijia.

Pamoja na chanjo ulitangazwa ushauri wa mgonjwa wa nyumbani: alale chumba chake, asitumie shuka wala sahani ya mwingine, vidonda vifunikwe. Katika kambi zilizozunguka Munigi familia ya watu sita au saba ililala chini ya turubai moja lililotandikwa juu ya mawe, bila ukuta wa kumtenga mtu. Mhamasishaji aliyepita kati ya mahema hayo angefaa kuanza na sahani, kwa kuwa sahani ya pili ingeweza kuazimwa, na kuacha chumba mpaka aulizwe. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, wagonjwa wakatoka vituoni vidonda vikiwa bado wazi, na mwezi uliofuata kambi zenyewe zikavunjwa, kila familia ikibeba turubai lake.